Anwani ya Kadi ya Mtandao, na Namna ya Kuisoma kwa Amri

Kuitafuta anwani ya kadi ya mtandao katika kompyuta ya Windows ni kazi ya amri moja, na amri yenyewe ina herufi sita tu: unaandika getmac, unabonyeza Enter, na jibu limetoka. Maelekezo mengi huishia hapo. Tabu ni kwamba anwani haitoki moja. Hutoka tatu, nne, wakati mwingine zaidi, zote zimefanana sura, ilhali aliyekuomba anwani anaitaka moja tu. Makala haya yanahusu kuichagua hiyo moja, kwa sababu hapa Lamu, ambako mimi hushughulikia mitandao ya nyumba za wageni, maduka na ofisi ndogondogo, watu huandika amri bila shida yoyote, kisha wakapeleka kwa msimamizi wa mtandao anwani isiyo yenyewe.

Anwani hii, ambayo mafundi huiita anwani ya MAC, ni namba ya biti 48 (biti ni tarakimu ya 0 au 1) ambayo kadi ya mtandao hutiwa kiwandani. Huandikwa kwa tarakimu 12 za heksadesimali, yaani 0 hadi 9 zikifuatiwa na A hadi F, na tarakimu hizo hugawanywa katika mafungu sita ya mbilimbili. Windows hutenganisha mafungu kwa vistari, kama 00-00-5E-00-53-2B. Linux na Mac hutumia nukta mbili, 00:00:5e:00:53:2b. Na vifaa vya mtandao vya kampuni ya Cisco hupenda mafungu matatu ya tarakimu nne, 0000.5e00.532b. Zote tatu ni anwani ile ile, na herufi kubwa au ndogo hazibadilishi kitu. (Anwani hiyo ya mfano inatoka katika fungu lililotengwa makusudi kwa ajili ya maandishi ya mafunzo, kwa hiyo sijaanika kadi ya mtu yeyote.)

Nusu ya kwanza ya namba hiyo hutambulisha kampuni iliyotengeneza kadi, na hugawiwa na shirika la wahandisi la IEEE. Nusu ya pili kampuni hujipangia yenyewe, ikiwa na nafasi ya kadi 16,777,216 kwa kila fungu inalopewa. Utaratibu huu haukuanza hivyo. Robert Metcalfe na David Boggs walipoanza kuunda Ethernet katika maabara ya Xerox huko Palo Alto mwaka 1973, mtandao wao wa majaribio ulitumia anwani za biti 8, ambazo hata zikitumika zote hazizidi 256. Ilipofika mwaka 1980, Xerox, Digital na Intel walipotoa kanuni yao ya pamoja, anwani ilikuwa imekwisha kuwa ya biti 48, na mwaka 1981 Yogen Dalal na Robert Printis wakaeleza kwa maandishi sababu yake: kila kifaa kiwe na namba isiyofanana na nyingine duniani kote, ili kiweze kuhamishwa kutoka mtandao huu hadi ule bila kupewa namba mpya. Uamuzi ule ndio unaotuletea orodha ndefu leo. Namba ilifungwa kwenye kadi, haikufungwa kwenye kompyuta wala kwa mwenye kompyuta, na laptopu ya kawaida ina kadi ya Waifai, ina tundu la kebo, ina Bluetooth, na juu yake ina kadi kadhaa za kubuni ambazo programu zimejiundia.

Nichukue mfano wa nyumba moja ya wageni iliyo mtaa wa Mkomani. Nyumba za mji wa kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake ni nene, na mawimbi ya Waifai yanayopita bila taabu kwenye nyumba ya matofali membamba hapa hufia ukuta wa pili. Kwa hiyo nyumba ile ina ruta moja chini, imewekwa ndani ya kidaka ukumbini, na vifaa vingine vya kusambaza mawimbi ghorofani. Mwenye nyumba, ambaye mimi humwita Ami kwa heshima ya umri wake na ujirani wetu, alitaka printa na kompyuta ya mapokezi ziwe na anwani za IP (namba ambazo ruta huvigawia vifaa) zisizobadilika, ili risiti zisikwame kila umeme unapokatika na ruta kuanza kugawa namba upya. Kampuni inayomletea intaneti ikamwandikia ujumbe ikiomba anwani ya MAC ya kompyuta, bila neno jingine. Kijana wake akaandika ipconfig /all, akanakili kila mahali alipoona "Physical Address", na nilipofika nikapewa karatasi yenye namba tano zilizopangwa vizuri, moja chini ya nyingine, bila jina hata moja pembeni.

"Mwanangu, zote hizi ni za kompyuta hii moja?" akaniuliza.

"Zote, Ami. Lakini wao wanaitaka moja, na karatasi hii haisemi ni ipi."

Tukafungua dirisha la amri upya. Kwenye Windows hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na R, kuandika cmd, na kubonyeza Enter. Haihitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Amri ya ipconfig /all hutoa maelezo kwa mafungu, na kila fungu lina kichwa chake kilichoanzia ukingoni kabisa mwa skrini, kisha mistari yake ikaingizwa ndani kidogo. Hapo ndipo pa kuanzia kusoma, kwenye kichwa, kabla ya namba. Fungu la "Ethernet adapter Ethernet" ni tundu la kebo. Fungu la "Wireless LAN adapter Wi-Fi" ni Waifai. Fungu la "Ethernet adapter Bluetooth Network Connection" ni Bluetooth, na takriban hakuna anayelihitaji. Halafu yako mafungu yenye jina la "Local Area Connection" likifuatwa na nyota (*) na namba, na haya ndiyo yanayopoteza watu wengi zaidi.

Nyota ile ni dalili ya kadi ya kubuni. Windows huiunda ili kompyuta iweze kugawa intaneti kwa vifaa vingine au kuzungumza navyo moja kwa moja, na mstari wa "Description" utakuambia waziwazi kwamba ni "Microsoft Wi-Fi Direct Virtual Adapter". Mtego wake ni kwamba mara nyingi anwani yake hunakiliwa kutoka kadi ya kweli ya Waifai na kubadilishwa tarakimu moja tu mwanzoni. Kadi ya kweli ikiwa 00-00-5E-00-53-2B, ya kubuni itasomeka 02-00-5E-00-53-2B. Ukiziona juujuu utadhani ni namba moja iliyoandikwa mara mbili, na mtu mwenye haraka hupeleka ile iliyotangulia kwenye skrini.

Kuna uthibitisho mmoja ambao mimi huutegemea kuliko jina la fungu, kwa sababu majina yanaweza kubadilishwa na mwenye kompyuta. Tafuta fungu lenye "IPv4 Address", yaani anwani ya IP, na "Default Gateway", yaani anwani ya ruta, zilizojazwa. Kadi inayozungumza na ruta sasa hivi ndiyo yenye anwani ya IP iliyotoka kwa ruta hiyo. Kadi nyingine nyingi zitakuwa na maneno "Media disconnected", maana yake hazijaunganishwa na kitu. Kwenye kompyuta ya mapokezi ya Ami fungu lililojazwa lilikuwa la Waifai, na ile kebo iliyokuwa inaning'inia nyuma ya meza, ambayo kila mtu pale aliamini ndiyo inayoleta intaneti, haikuwa imechomekwa popote upande wa pili.

Getmac peke yake haikupi majina hayo. Inakupa safu mbili, anwani upande wa kushoto na upande wa kulia mlolongo wa herufi ndani ya mabano ya kiwimbi ambao binadamu hausomi. Ukiiongezea /v itataja majina ya kadi, ila kwenye jedwali majina marefu hukatwa katikati, kwa hiyo mimi huandika getmac /v /fo list, ambayo hupanga kila kadi peke yake kwa mistari kamili. Kumbuka pia kwamba kadi iliyozimwa haitaonekana kwa getmac. Ukitafuta Waifai usiione, angalia kwanza kama imezimwa kabla ya kusema imekufa.

Wako wanaofundisha kuchuja matokeo kwa kuandika ipconfig /all | findstr Physical, ili zibaki namba tu. Sielewi faida yake. Kinachochujwa na kutupwa ni majina ya kadi, yaani kile kitu pekee kilichokuwa kikikusaidia kuchagua, na kinachobaki ni karatasi ile ile ya kijana wa Ami. Anayetaka jibu fupi na lenye majina afungue PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, badala yake na aandike Get-NetAdapter: atapata jedwali lenye jina la kadi, aina yake, hali yake, anwani na kasi, na kadi inayofanya kazi itaandikwa "Up". Akiongeza neno -Physical, kadi za kubuni zitaondolewa na zitabaki zile za vyuma na waya. Kama ningeruhusiwa kumfundisha mtu amri moja tu ya Windows kwa shughuli hii, ningemfundisha hiyo. Ama ile amri ya wmic inayotajwa katika maelekezo ya zamani, Microsoft imekwisha kuiacha, na kwenye kompyuta mpya huenda usiikute.

Upande wa Linux mambo ni mepesi zaidi, ingawa majina ya kadi huwatisha wageni. Baadhi ya kompyuta kuukuu zinazofufuliwa hapa kwa ajili ya shule huwekewa Ubuntu, aina moja ya Linux, kwa kuwa Windows mpya huzilemea, na mwalimu akinipigia kutoka Mokowe humwambia aandike ip link. Mstari wa kwanza huwa ni lo, kadi ya ndani ambayo kompyuta hujizungumzia yenyewe, na anwani yake ni sufuri tupu. Inayofuata ndiyo muhimu. Zamani zilikuwa eth0 na wlan0, lakini tangu mwaka 2013 mifumo mingi imekuwa ikizipa majina kulingana na mahali zilipokaa ndani ya mashine, kama enp3s0 au wlp2s0. Herufi mbili za mwanzo zinatosha: en ni kebo, wl ni Waifai. Chini ya jina, baada ya neno link/ether, ndipo anwani ilipo, na mbele yake kwenye mstari huo huo pana brd ff:ff:ff:ff:ff:ff, ambayo si ya kadi yoyote. Ni anwani ya kupaaza sauti kwa wote walio kwenye mtandao. Ukiandika ip -br link utapata muhtasari wa mstari mmoja kwa kila kadi, nao ndio unaosomeka vizuri kwa simu. Ifconfig, ambayo wazee wa kazi hii bado huipenda, mara nyingi haimo tena kwenye Ubuntu mpya hadi uiongeze.

Kwenye Mac, fungua Terminal na uandike networksetup -listallhardwareports. Itakutajia kila tundu kwa jina lake, na chini yake "Ethernet Address". Hakuna la kuongeza hapo.

Nirudi kwenye lile la namba kufungwa kwenye kadi, kwa kuwa hapa pwani lina matokeo ambayo bara huenda hayaonekani sana. Hewa ya chumvi haina huruma na shaba. Kompyuta inayokaa karibu na dirisha linaloelekea baharini hula kutu kwenye matundu na viunganishi, na ikifa kadi ya Waifai ya ndani, mwenye nayo hununua adapta ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la USB na maisha huendelea. Ila adapta ile ina anwani yake. Kompyuta ni ile ile, meza ni ile ile, lakini kwa ruta huyu ni mgeni kabisa, na kama mtandao uliruhusu vifaa vilivyosajiliwa tu, atakataliwa. Kinyume chake hutokea pia: ofisi moja ya hapa mjini ilikuwa na adapta moja iliyokuwa ikihamishwa kati ya kompyuta mbili kulingana na nani ana kazi, na kwenye orodha ya ruta kompyuta hizo zilionekana kama kifaa kimoja. Karani alikuwa akishangaa kwa nini kompyuta yake mpya imepata anwani ya IP ya kompyuta ya mwenzake. Ruta haikukosea, ilimpa mwenye adapta haki yake. Linux huwa haifichi jambo hili, kwani adapta ya kebo ya kuchomeka kwa USB mara nyingi huitwa enx ikifuatwa na anwani yake yote ya MAC, jina na namba vikawa kitu kimoja.

Kuna jambo jingine ambalo miaka ishirini iliyopita halikuwepo. Simu za siku hizi hazipendi kuonyesha anwani yao ya kweli. Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, hujibunia anwani tofauti kwa kila mtandao wa Waifai, ili mwenye duka na mwenye hoteli wasiweze kumfuata mtu mmoja kwa namba ile ile kila anakokwenda. Windows nayo ina kitufe cha namna hiyo kwenye mipangilio ya Waifai. Ni jambo zuri, nami siwashauri watu kulizima kwenye mitandao ya barabarani; lakini ukisajili anwani ya kubuni kwenye ruta ya ofisi, halafu simu au kompyuta ikajibunia nyingine, usajili wako umekuwa bure.

Kuitambua ni rahisi, na huhitaji programu yoyote. Tazama tarakimu ya pili kutoka kushoto. Ikiwa ni 2, 6, A au E, anwani hiyo haikutoka kiwandani. Imepangwa na programu, kwa kuwa ndani ya fungu la kwanza ipo biti moja iliyowekwa kusema hivyo hasa. Ndiyo maana ile kadi ya nyota niliyoitaja ilianza na 02. Mashine za kubuni, yaani kompyuta zinazoigizwa ndani ya kompyuta nyingine, zikiendeshwa kwa programu ya QEMU huanza na 52:54:00, ambayo tarakimu yake ya pili ni 2, na kanuni inashika. VirtualBox, programu nyingine ya namna hiyo, hata hivyo hutumia 08:00:27, ambalo ni fungu lililosajiliwa, kwa hiyo kanuni hii haikamati kila kitu na jina la kadi bado lazima lisomwe. Ukitaka kuiona anwani ya kiwandani hata kama iliyo juu imebadilishwa, Linux ina ethtool -P ikifuatwa na jina la kadi, na PowerShell hukubali Get-NetAdapter | Format-List Name, MacAddress, PermanentAddress. Zikilingana hizo mbili za mwisho, uko salama.

Ilibaki printa ya Ami, ambayo haina kibodi wala dirisha la amri. Kwa kifaa cha namna hii unauliza kutoka nje. Tulitazama anwani yake ya IP kwenye kioo chake kidogo, tukaandika ping na namba ile kwenye kompyuta ya mapokezi ili viwili hivi vizungumze, kisha tukaandika arp -a. Kompyuta huweka kumbukumbu ya majirani iliowahi kuwasiliana nao, IP upande mmoja na MAC upande wa pili, kwa utaratibu ulioandikwa na David Plummer mwaka 1982 na ambao haujaondoka tangu hapo. Kwenye Linux kumbukumbu hiyo huonyeshwa na ip neigh. Lazima kifaa kiwe kwenye mtandao huo huo, kwa sababu anwani ya MAC haivuki ruta: ukituma ujumbe Nairobi, anayeupokea haoni kadi yako, na wewe hapa unaona kadi ya ruta yako tu. Kwa hiyo usiogope kwamba kuna mtu mbali anakufuatilia kwa namba hii, na usitegemee kumpata mwizi wa laptopu kwa kuiuliza intaneti.

Wala usiitegemee kama kufuli. Kampuni ya Ami ilipendekeza kwamba ruta iruhusu anwani zilizosajiliwa tu, ikauita mpango huo ulinzi. Anwani za kadi hupita hewani waziwazi hata mtandao ukiwa na nywila imara, kwa kuwa kinachofichwa ni ujumbe uliomo ndani, si anwani ya mtumaji, na yeyote mwenye programu ya kusikiliza anaweza kuiona moja na kuivaa. Nilimwambia Ami abaki na nywila nzuri na aibadilishe wageni wa msimu wanapoondoka. Orodha ya MAC ibaki kwa kazi yake halali ya kuweka mpangilio.

Kupeleka anwani yenyewe pia kunataka uangalifu. Kwa simu, B na D na E husikika kama herufi moja, hasa upepo wa kusi ukivuma gatini. Mimi na yule mwalimu wa Mokowe husomeana A ya Amu, B ya bandari, C ya chai, D ya dau, E ya embe, F ya forodha, na hatujawahi kuhitaji zaidi, kwa sababu heksadesimali haina herufi nyingine. Haina O, ukiona duara ni sufuri. Lakini njia bora ni kutoisoma kabisa. Andika getmac /v /fo list | clip na matokeo yote yatanakiliwa, kisha uyabandike kwenye ujumbe na utaje kwa jina kadi unayoikusudia. Ami alipeleka mistari miwili: mapokezi, Waifai, anwani hii, printa, anwani hii.

Kampuni ilipojibu kwamba imekwisha kuzitengea IP, tuliandika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew, ili kompyuta irudishe namba ya zamani na kuomba mpya. IP iliyotengwa ikatokea chini ya fungu la Waifai. Printa tuliizima na kuiwasha, tukaandika ping kwa namba yake mpya, ikajibu, na kijana akachapa risiti ya mgeni aliyekuwa amesimama mlangoni na mizigo yake akisubiri mashua ya Manda.